Uchovu Usiokwisha: Je, ni Damu ya Ukoo?

Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahamasishaji wa afya tunakutana na mtu aliyelala usiku kucha lakini ameamka hoi kama aliyelima siku nzima. Majirani wanamwita mvivu. Wengine husema, "Hata mama yake alikuwa hivyo, ni damu yao." Neno hilo limekwisha kuvunja uchumba mmoja ninaoujua, kwa hiyo tulitazame.

Upo ugonjwa wa uchovu sugu. Unapita miezi 6, usingizi hauuondoi, kufikiri kunakuwa kugumu. Alama yake kubwa ni hii: mgonjwa akijikaza leo, kesho au keshokutwa anaanguka, anakaa kitandani siku kadhaa. Mara nyingi huanza baada ya kuugua virusi. Tangu 2020 wengine wameupata baada ya UVIKO-19.

Sasa chukua kadi yako ya mgawo. Jina na idadi ya familia viliandikwa siku ya kuandikishwa. Vinasaba ni kama maandishi hayo: tumepewa na baba na mama, hayafutiki. Lakini karani akitoboa kisanduku cha mafuta, maandishi ni yaleyale na mafuta hupati tena. Mwilini nako kuna alama ndogo za kemikali zinazokaa juu ya vinasaba, zikizima hiki na kuacha kile kikifanya kazi. Elimu yake inaitwa epijenetiki. Njaa na moshi wa sigara vinaweza kuzibadili alama hizo. Kule Uholanzi, waliotungwa mimba wakati wa njaa ya 1944-45 walipimwa miaka kama 60 baadaye, na alama zao bado zilitofautiana na za ndugu zao wa tumbo moja.

Kuhusu uchovu sugu, mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walitangaza kwamba wamechunguza wagonjwa zaidi ya 15,000 na kukuta sehemu 8 za vinasaba zinazohusika, baadhi zikigusa kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Kila moja huongeza hatari kidogo tu, na wenye afya wengi wanazo. Wengine walikuta tofauti za zile alama katika chembe za kinga za wagonjwa. Kama ndizo zilizoleta ugonjwa, au ugonjwa ndio uliozileta, bado haijajulikana. Basi anayesema "ni damu yao" anasema asilolijua.

Usijipe jina la ugonjwa huu mwenyewe. Upungufu wa damu, malaria, kifua kikuu, VVU na huzuni nzito pia huchosha, na vina dawa au msaada. Nenda zahanati, eleza uchovu ulianza lini.

Ikiwa hayo yote hayapo, gawa kazi: dumu moja la maji badala ya matatu, na upumzike kabla nguvu hazijaisha. Mgonjwa asilazimishwe kuongeza mazoezi kila wiki. Uingereza iliacha ushauri huo mwaka 2021. Asiyeweza kusimama kwenye foleni ya mgawo amweleze mapema kiongozi wa bloku, ili watafute mtu wa kumpokelea.