Kuchagua Kiwanja cha Tenisi Mwambaoni

Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari huambiwa kliniki afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, na mara nyingi ushauri huishia hapo. Akichagua tenisi, yafaa aulizwe maswali mawili zaidi: atacheza wapi, na saa ngapi? Katika mwambao wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, majibu ya maswali hayo huweza kuamua iwapo mchezo utamjenga au utamrudisha hospitalini akiwa amebebwa.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayosahauliwa. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, bali kwa kukauka. Katika miezi ya joto, hasa Desemba hadi Machi, hewa ya pwani hubeba mvuke mwingi. Jasho hudondoka tu, na joto la ndani ya mwili huzidi kupanda. Kwa sababu hiyo, kiwanja kinachopitiwa na upepo wa bahari ni bora kuliko kilichozingirwa na kuta ndefu, hata kama hicho cha pili kimepakwa rangi ya kupendeza. Wachezaji hodari hulalamika kwamba upepo hupeperusha mpira. Ni kweli, lakini kwa mtu wa miaka sitini anayetumia dawa za moyo, mpira uliopotea njia ni hasara ndogo sana.

Urefu wa kiwanja uelekee kaskazini na kusini. Kikielekea mashariki na magharibi, mchezaji mmoja hukabiliana na jua machoni asubuhi au jioni, saa zilezile zinazofaa kwa mchezo. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri mionzi ya jua ni mikali mno, na aliye na ualbino hana budi kuiepuka kabisa. Kwa wengine wote, kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua si mapambo: jua, upepo na vumbi huchangia ule unyama unaoota juu ya weupe wa jicho, ambao wahudumu wa pwani wanaufahamu vyema.

Sakafu yahitaji kuchunguzwa kwa makini. Zege na lami hufyonza joto na kulitoa tena kwa muda mrefu, na mguu unapokanyaga husimama ghafla, hivyo kishindo huenda kwenye kifundo, goti na kiuno. Udongo huruhusu mguu kuteleza kidogo na ni afadhali kwa viungo, ila hudai kumwagiliwa na kusawazishwa kila mara, na wakati wa masika hugeuka tope. Viwanja vingi vinavyopatikana ni vya zege au lami. Basi tutafute kilicho bora miongoni mwavyo. Kitembee chote kwa miguu. Angalia nyufa, ukungu wa kijani penye kivuli, na mchanga uliopeperushwa kutoka ufukweni, ambao juu ya zege huviringika chini ya kiatu kama gololi. Nyuma ya mstari wa mwisho pawepo angalau mita 5.5, na kando mita 3, ili anayekimbilia mpira asijigonge ukutani. Chumvi ya bahari hula nguzo na waya za uzio. Penye kutu iliyochongoka, ulizia pia chanjo yako ya pepopunda.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo asikanyage sakafu hiyo pekupeku hata kwa dakika moja, kwani ataungua bila kujua. Avae viatu vilivyofungwa vizuri, akague nyayo zake baada ya mchezo, na awe na kitu chenye sukari mfukoni.

Madimbwi yana hatari nyingine. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, na huzidi asubuhi na kuelekea machweo. Hizo ndizo saa tulizoshauri! Hatushauri kuzibadili, tunashauri kukataa kiwanja kilichozungukwa na matairi, makopo na vifuu vya nazi vyenye maji.

Mtoa huduma akumbuke dawa za mgonjwa wake. Dawa za kuongeza mkojo huharakisha upungufu wa maji, na baadhi ya dawa za moyo huzuia mapigo kupanda, kiasi kwamba kuhesabu mapigo hakuonyeshi uchovu halisi. Mchezaji akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuzungumza ovyo huku mwili ukichoma, hicho huenda ni kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kukoma, na asinyweshwe kitu iwapo hana fahamu kamili. Upozaji uanze palepale, wakati usafiri wa kwenda hospitali unatafutwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada, muulize msimamizi bomba la maji liko wapi, kivuli cha karibu ni kipi, na nani hushika ufunguo wa lango la magari saa kumi na moja jioni.