Ng'ombe Mkali na Mwenyewe Aliyeonywa

Somo la mwezi: Kutoka 21:28-32, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 18:15-17



Somo letu la mwezi huu latoka katika Sheria ya Musa, lakini tutalisomea kando ya barabara yetu hapa Madungu. Kwanza fungua Biblia yako, usome mistari iliyotajwa hapo juu, kisha urudi hapa.

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, watu saba au wanane. Mtoto wa jirani alikuwa akitoka chuoni, juzuu yake mkononi, akaanza kuvuka. Gari la abiria likaja mbio, likampita karibu sana hata kofia yake ikaanguka. Sote tuliinuka. Mmoja akasema, "Mungu kamwokoa." Mwingine akataja jina la dereva, maana twamfahamu. Wa tatu akasema kwamba ndiyo desturi yake. Kisha tukakaa, tukaendelea na mazungumzo yetu.

Hakuna aliyekwenda kwa dereva. Hakuna aliyekwenda kwa mwenye gari, wala kwa Sheha. Kwa nini? Kwa sababu ya muhali. Kijana ni wetu, baba yake ni jirani, na gari ndiyo riziki yake. Basi, na tuone Sheria yasema nini juu ya muhali wa namna hii.

1. Ng'ombe aliyekwisha kujulikana

Sisi wa Pemba hatuhitaji kufundishwa habari za ng'ombe mkali. Hata katika mchezo wa ng'ombe, ambapo watu huja kusudi wauone ukali wake, hufungwa kamba.

Musa anataja mambo mawili. La kwanza, ng'ombe ambaye hakujulikana kuwa mkali amempiga mtu pembe, naye amekufa. Ng'ombe huuawa, lakini mwenyewe hana hatia. La pili, ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, mwenyewe ameonywa, naye hakumzuia. Hapo hatia ni ya mwenyewe.

Angalieni sana: tofauti iko katika neno moja, kuonywa. Sheria inadhani kwamba wako majirani walioona, wakaenda, wakabisha hodi, wakasema. Kama majirani hawakusema, mwenyewe hakuonywa. Na kama hakuonywa, hana sababu ya kumfunga ng'ombe wake. Sisi tuliokaa barazani tulijua desturi ya gari lile. Tulikuwa na neno la kusema, tukalifanya mazungumzo. Kumtaja mtu kwa ubaya wake asipokuwapo ni kumsengenya. Kumwendea na kumwambia ndiko kumwonya.

2. Kasi ni kitu gani?

Wengine husema, "Dereva ni hodari, ana breki nzuri." Na tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde moja. Liendalo kilomita 80 hukata mita 22. Dereva aonapo mtoto hutumia kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Kisha gari lahitaji nafasi ya kusimama, na kasi ikiwa maradufu, nafasi hiyo huwa mara nne. Katika lami kavu, gari la kilomita 40 litasimama baada ya mita 20 hivi tangu mtoto alipoonekana. La kilomita 80 litataka karibu mita 60. Mvua ikinyesha, au matairi yakiwa yamekwisha, huzidi. Uhodari wa dereva hauondoi hesabu hii.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika mwaka 2021 watu kiasi cha 1,190,000 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba hakuna kiuacho watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Barabara zetu zina vilima na kona, skuli ziko karibu, na wakati wa karafuu mikeka huanikwa ukingoni, watoto wakicheza pembeni. Hapa si mahali pa kilomita 80.

3. Mwenye ng'ombe ni nani?

Tena tuangalie: Musa hasemi na ng'ombe, asema na mwenyewe. Mara nyingi kijana aliyeshika usukani si mwenye gari. Anakimbilia hesabu ya tajiri, naye tajiri yuko nyumbani akingojea fedha za jioni. Basi huyo naye yapasa aambiwe.

Na sisi abiria je? Nani husema, "Dereva, kanyaga mafuta, meli ya Mkoani itatuacha"? Nani hunung'unika gari likienda pole pole, hata asubuhi ya Jumapili? Tukimhimiza ng'ombe, tusiseme kwamba si wetu.

4. Jinsi ya kuonya

Bwana wetu ametufundisha utaratibu wake katika Mathayo 18, nao wafaa hapa.

(a) Mwendee dereva peke yenu, kwa adabu, wakati gari limesimama na abiria hawapo. Mwambie ulichokiona. Wengi hutengenea hapa.

(b) Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili walioona pia, mwende kwa mwenye gari, kisha kwa Sheha. Andikeni namba ya gari, siku, saa, mahali, na gari lilikuwa likielekea wapi. Semeni mliyoyaona kwa macho, si mliyoyasikia.

(c) Asiposikia bado, pelekeni habari hizo kwa askari wa usalama barabarani. Huku si kumharibia mtu riziki. Dereva aliyeua mtoto hana riziki tena, wala usingizi.

Lakini kama dereva amelewa, au hatari iko wakati ule ule, msingoje hatua hizi. Piga simu polisi mara moja, namba 112. Na ajali ikitokea, kazi yetu ni kumsaidia majeruhi na kumlinda dereva asipigwe. Sisi si mahakimu.

5. Ukingo wa dari

Kumbukumbu la Torati yaagiza kwamba ajengaye nyumba aweke ukingo kando ya dari, mtu asije akaanguka. Ukingo hauulizi nani mzembe, huwazuia wote. Barabara nayo yahitaji ukingo wake: matuta, kivuko mbele ya skuli, kibao cha mwendo, njia ya waendao kwa miguu. Mjini Dar es Salaam shirika la Amend limetengeneza vitu kama hivi karibu na skuli za msingi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa. Si vitu vya gharama kubwa.

Nasi twaweza kuviomba kupitia kwa Sheha na Baraza la Mji. Lakini tusichimbe matuta yetu wenyewe, wala tusipange mawe barabarani. Mwenye vespa apitaye usiku hatayaona, nasi tutakuwa tumemtega jirani yetu.

6. Kwa nini sisi?

Wakristo hapa Pemba tu wachache, na mtoto yule alikuwa akitoka chuoni, si kanisani. Msamaria naye hakumwuliza dini yule mtu aliyelala njiani. Basi twende kwa Sheha pamoja na majirani zetu Waislamu, maana barabara ni moja na watoto ni wetu sote.

Nasi tuliokuwa barazani jioni ile, hatuna budi kuanza. Kijana yule twamfahamu, na nyumba ya mwenye gari twaijua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, liko gari au pikipiki ambayo desturi yake unaijua, na hujamwambia mwenyewe?
2. Muhali una wema gani? Unageuka kuwa dhambi wakati gani?
3. Ni mahali gani katika mtaa wetu panapohitaji "ukingo" kwanza?

Tuombe: Ee Bwana, uliyetupa jirani ili tumlinde, utuondolee hofu ya kusema na hasira ya kusemea. Uwalinde watoto njiani, na madereva wetu pia. Amina.