Kati ya Ngosi na Matema: Vidokezo vya Kuchagua Pa Kupiga Hema

Ukitoka Uyole, Mbeya, ukashika barabara ya Kyela, unapanda kwanza hadi Isongole, kisha safari yote iliyobaki ni mteremko. Sehemu ya juu kabisa ya ukingo wa Ziwa Ngosi iko mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Mchanga wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, uko mita 475 hivi. Katikati kuna Ziwa Masoko, Mto Kiwira na maporomoko ya Kaporogwe, na yote hayo utayafikia kwa daladala na bodaboda. Wengi huchagua pa kulala kwa kuangalia picha. Ushauri wangu ni huu: maji yatembelee mchana, na pa kulala pachague kwa mwinuko, mteremko na upepo.

1. Anza na mwinuko. Kila unaposhuka mita 1,000, joto hupanda kama nyuzi 6. Kwa hiyo kati ya Ngosi na Matema kuna tofauti ya nyuzi 12 hivi, na mizigo ya safari mbili tofauti. Juu unahitaji mfuko mzito wa kulalia, soksi na kofia ya sufu, hasa Juni na Julai. Chini unahitaji chandarua na shuka jepesi. Ukiwa na blanketi moja tu, usijaribu Isongole. Teremka Tukuyu au Masoko.

2. Angalia kalenda. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Machi hadi Mei, hema likiwa zuri namna gani, utalala kwenye tope. Nenda kuanzia Juni hadi Oktoba. Nami naipenda zaidi Septemba: baridi imepungua, njia zimekauka, na maporomoko bado yana maji ya kutosha.

3. Kwenye maporomoko, pima kwa sauti yako. Simama unapotaka kupiga hema, zungumza na mwenzako. Mkilazimika kupaza sauti, mko karibu mno. Umande wa maji utalowesha kila kitu, lakini kubwa zaidi ni kwamba ngurumo hiyo itafunika sauti ya mto unaojaa. Mvua inaweza kunyesha milimani na nyinyi mkaona nyota. Tafuta alama ya mafuriko: majani makavu ya migomba na takataka zilizonasa kwenye matawi. Hema likae juu kabisa ya alama hiyo. Kule Kaporogwe kuna pango nyuma ya maji. Ni pa kuingia mchana, ukishika mkono wa mwenyeji. Kule Kijungu, kwenye Mto Kiwira, njia inapita eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, basi ripoti kwanza getini, na usipige picha kabla hujaruhusiwa.

4. Usilale shimoni. Hiki ndicho kidokezo ninachoomba usikiruke. Rungwe ni nchi ya volkano; Mlima Kyejo ulimwaga lava karibu mwaka 1800, na hadi leo ardhi ya huko inatoa hewa ya ukaa kwa wingi hata ikavunwa kiwandani. Hewa hiyo haina rangi, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usiku usio na upepo hutuama kwenye mabonde madogo na vishimo. Kule Goma, kando ya Ziwa Kivu, mahali pa namna hiyo panaitwa mazuku na pameua watu. Bonde linalokukinga upepo linavutia sana ukiwa umechoka, lakini panda juu kidogo, kwenye bega la kilima lililo wazi. Ukiona ndege au wadudu waliokufa mahali pamoja, ondoka. Waulize wenyeji, wanayajua mashimo wasikopeleka ng'ombe. Na jiko la mkaa, ambalo hutoa hewa ya sumu ya aina nyingine, lisiingie ndani ya hema, hata baridi ikikuzidi.

5. Ngosi ni pa kupanda na kurudi. Ukingo wake ni mwembamba, msitu ni mzito, na mteremko wa kwenda majini ni mkali na wenye utelezi. Chukua kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu na mwongozaji wa kijijini, panda asubuhi kabla ukungu haujaufunika ziwa, na ulale chini.

6. Matema inahitaji subira zaidi, kwa sababu panaonekana rahisi. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 550, na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini. Upepo wa mwera, unaovuma kutoka kusini kati ya Mei na Agosti, unakuja na mawimbi yaliyokusanya nguvu ziwa zima. Tazama mstari wa takataka mchangani, uongeze hatua nyingi juu yake, na mlango wa hema uelekee Milima ya Livingstone. Kaa mbali na midomo ya mito, kwani mamba hupenda huko. Oga palipo na mawimbi na mchanga mtupu. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye matete. Ukirudi nyumbani, pima. Jioni nunua mbasa kwa wavuvi na mchele wa Kyela, na kama una nafasi garini, chungu cha Wakisi.

7. Kila mgomba una mwenyewe. Uwanda unaouona mtupu ni shamba la mtu au malisho yake. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, mwamkie mzee kwa shikamoo, na ukijua kusalimia "ugonile" kwa Kinyakyusa utapokelewa kwa furaha. Lipa ada inayotajwa bila kubishana kupita kiasi. Kambi iliyo karibu na nyumba ya mtu ina kisima, choo, na jirani wa kumwita usiku, na mimi naithamini kuliko mandhari yoyote. Ila usipige hema chini ya mkungu uliokomaa.

8. Beba mambo za hema ndefu. Udongo wa majivu ya volkano ni laini, na mambo fupi hung'oka kwa upepo wa kwanza. Mawe mazito mawili kila kona husaidia.

9. Fika kabla ya saa kumi jioni. Bodaboda za kwenda Kaporogwe na Masoko hupungua giza likikaribia, na alama za mafuriko, vishimo na mstari wa mawimbi hazionekani kwa tochi. Ukichelewa, lala gesti Tukuyu mjini, uende kesho.