Safari ya Dawa Mseto Mwilini

Mkazi wa Chonyonyo, wilayani Karagwe, anapougua malaria, hupewa zahanati vidonge vya dawa mseto, yaani ALu, na huagizwa avimeze pamoja na chakula. Wengi hudhani kwamba agizo hilo ni la kuzuia kichefuchefu tu. Sababu iliyo kubwa zaidi ni nyingine: pasipo mafuta, sehemu kubwa ya dawa hiyo haiingii katika damu.

Dawa mbili katika kidonge kimoja

Mwaka 2006 ALu iliteuliwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini Tanzania. Ilichukua nafasi ya SP, ambayo nayo ilikuwa imeiondoa klorokwini mwaka 2001. Dawa hizo za awali ziliachwa kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimezizoea. Kila kidonge cha ALu kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kwa wakati mmoja, mara 6 katika siku 3.

Kufyonzwa

Dawa hufyonzwa kupitia kuta za utumbo mwembamba, na ili ipenye sharti kwanza iyeyuke. Lumefantrini haiyeyuki vizuri katika maji, bali katika mafuta. Mtu alapo mafuta, kibofu cha nyongo hujikaza na kumimina nyongo utumboni. Nyongo huyagawanya mafuta kuwa matone madogo mno, kama sabuni ifanyavyo katika sufuria yenye mafuta. Lumefantrini huyeyuka katika matone hayo, ikachukuliwa hadi ukutani mwa utumbo. Katika majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye afya, mlo wenye mafuta mengi uliongeza lumefantrini iliyofyonzwa mara 16 hivi, na artemetha mara 2, kuliko ilipomezwa kwa tumbo tupu.

Kusambaa

Artemetha hufikia kilele chake katika damu baada ya saa 2 hivi. Ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayoua vimelea pia, na baada ya saa chache zote mbili huwa zimepungua sana. Lumefantrini huchukua saa 6 hadi 8 kufikia kilele. Karibu yote hushikamana na protini za damu, nayo hutoka mwilini polepole kwa siku kadhaa. Basi kazi imegawanywa: artemetha hufyeka vimelea vingi kwa haraka, lumefantrini hung'oa visiki vilivyobaki.

Jambo lililoonekana Karagwe

Utafiti uliofanywa wilayani Karagwe mwaka 2022 ulithibitisha kuwapo kwa vimelea vyenye badiliko la kijeni liitwalo R561H. Vimelea hivyo huchelewa kuuawa na dawa za jamii ya artemisinini, hata baadhi ya wagonjwa walikutwa navyo siku ya 3. Hata hivyo, ALu iliwaponya walio wengi. Ni dhahiri kwamba mzigo wa lumefantrini umeongezeka. Mgonjwa akimeza vidonge kwa chai ya rangi peke yake, lumefantrini huwa haba katika damu. Vimelea sugu husalia, na mbu huvipeleka kwa jirani.

Ndizi na maharage, chakula cha kila siku cha Karagwe, vina mafuta machache sana visipoungwa. Aidha, mwenye homa hana hamu ya kula. Lakini hahitaji karamu: kikombe cha maziwa, karanga chache au kipande cha parachichi humfaa, kila mara amezapo dawa. Na dozi sharti imalizwe, hata homa ikishuka siku ya pili.

Maswali

1. Eleza kazi ya nyongo katika kufyonzwa kwa lumefantrini.
2. Kwa nini artemetha peke yake, kwa siku 3, haitoshi kumaliza vimelea vyote?
3. Orodhesha vyakula vya nyumbani kwenu vinavyofaa kuliwa pamoja na ALu.