Somo: Kuunganisha tiyo za maji zisivuje



Penye robine ya watu wengi, ugomvi mara nyingi unaanza na kitu kidogo: tiyo inayovuja. Tufanye hesabu. Kama matone yanajaza chupa ya lita 1 kwa dakika 10, kwa siku moja zinapotea lita 144, yaani zaidi ya bidoni 7 za lita 20. Mashirika ya misaada yanahesabu angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Maji hayo yangetosha watu 9. Wenyeji watasema wakimbizi wanaharibu, wakimbizi watasema wenyeji wanawanyima. Kumbe ni kiungo kimoja kilichofanywa haraka.

Kwanza, tambueni aina ya tiyo. Tiyo ngumu ya PVC inaunganishwa kwa gundi yake. Tiyo nyeusi inayouzwa ikiwa imeviringishwa haishiki gundi hiyo; inahitaji viungo vya kukaza.

Namna ya kuunganisha PVC

1. Fungeni maji, tiyo ikauke kabisa.
2. Kateni kwa msumeno wa chuma, mkato unyooke. Ondoeni mabaki kwa kisu, ndani na nje.
3. Pimeni kina cha kiungo, wekeni alama ya kina hicho juu ya tiyo.
4. Sugueni kidogo kwa msasa, kisha futeni kwa kitambaa safi na kikavu.
5. Pakeni gundi ndani ya kiungo na nje ya tiyo. Ingizeni mara moja mpaka kwenye alama, huku mkizungusha kidogo. Shikeni nusu dakika.
6. Futeni gundi iliyozidi. Ngojeni saa 24 kabla ya kufungua maji. Maji ya kwanza myamwage mpaka harufu iishe.

Gundi hii inashika moto haraka na mvuke wake unadhuru. Fanyeni kazi nje, mbali na makaa na watoto. Msipashe tiyo moto ili kuipanua: inadhoofika, na ikiungua inatoa moshi wenye sumu.

Goma na kandokando yake, penye mawe ya lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 na 2021, mawe makali yanakwaruza tiyo mpaka inapasuka. Wekeni mchanga au udongo laini chini yake na juu yake. Udongo huo unaikinga pia na jua, ambalo hufanya PVC ivunjike kwa urahisi.

Kwa viongozi

Hatua ya saa 24 ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu watu wana kiu. Asiyejua kwa nini maji yamefungwa atafikiri ameonewa. Tangazeni siku moja mbele, kila nyumba ijaze bidoni zake. Chagueni mafundi wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, watunze msumeno na gundi pamoja. Kama tiyo ni ya Regideso au ya komite ya maji, ombeni ruhusa kwanza. Kukata tiyo ya wengine usiku si kutengeneza. Ni kuanzisha vita vya bidoni.

Maswali ya kujadiliana

- Kwetu, nani anajulishwa kwanza tiyo ikivuja?
- Maji yakifungwa, wazee na wagonjwa watachotewa na nani?
- Fedha za gundi na viungo tutazichanga namna gani, bila kumfukuza asiye na kitu?