Tununue Kochi la Kudumu

Tumbaku ikishauzwa, au pamba, au korosho, fedha huingia nyumbani mara moja kwa mwaka. Mahitaji ni mengi: sare za watoto, mbolea ya msimu ujao, bati za kumalizia nyumba. Baada ya hayo, watu wengi hupenda kununua kochi. Hilo si jambo baya. Mtu aliyeshinda shambani ameinama anastahili kukaa vizuri jioni.

Lakini kochi ni ghali, tena lina siri. Ukinunua jembe unaliona lote. Ukinunua bati unaliona mbele na nyuma. Kochi huonyesha kitambaa tu. Vitu vinavyolifanya lidumu vimefichwa ndani: mbao, viungo, mikanda na sponji. Anayechagua kochi kwa kutazama kitambaa anachagua kitu asichokijua.

Tuchukue mfano wa familia ya wakulima wa tumbaku wilayani Urambo, mkoa wa Tabora. Mume anataka seti nzima ya kukalia watu saba, yenye kitambaa chekundu kinachong'aa, kwa sababu wageni wa posa ya binti yao wanakuja. Mke anasema fedha hazitoshi seti nzima iliyo nzuri. Zinatosha seti nzima iliyo mbovu, au kochi moja zuri la watu watatu. Pia yumo bibi, mama yake mume. Magoti yake yanauma, na akikaa mahali pa chini hawezi kuinuka bila kushikwa mkono.

Wanakubaliana waende kwanza kwa fundi seremala, watazame, na wasilipe chochote siku hiyo.

MBAO

Wanapofika, fundi anawaonyesha kochi lililokwisha kuvikwa kitambaa.

"Karibu mzee, karibu mama. Hili ni jipya, limekamilika jana."

"Ahsante fundi," mke anajibu. "Ni zuri. Lakini tuonyeshe lile ambalo bado halijavikwa."

Hilo ndilo ombi la kwanza la mnunuzi. Fundi mwenye kazi nzuri hafichi kiunzi chake. Kiunzi ni zile mbao zinazoshika kochi lote, kama mifupa inavyoshika mwili.

Mbao ngumu hudumu kuliko mbao laini. Katika misitu ya miombo ya Tabora unapatikana mninga. Ubao wake wa ndani una rangi ya kahawia, hauliwi na mchwa kwa urahisi, wala haupindi sana ukikauka. Mkongo na mvule pia ni mbao za kuaminika. Msaji, ambao wengine huuita mtiki, ni mzuri vilevile. Msonobari ni laini na bei yake ni ndogo. Unaweza kutengenezea kochi, lakini uwe umetiwa dawa ya wadudu, na mbao zake ziwe nene zaidi.

Hata hivyo, jina la mti peke yake halitoshi. Kila gogo lina sehemu mbili. Katikati kuna moyo wa mti, ambao ni mgumu na mara nyingi una rangi iliyokolea. Kando, karibu na gome, kuna sehemu nyeupe. Wadudu hupenda sehemu hiyo nyeupe, hata katika mti mzuri kama mninga. Fundi akikuambia "huu ni mninga", geuza ubao uutazame. Ukiwa mweupe nusu nzima, bei nayo ipungue. Ukiona vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, na unga laini chini yake, usiuchukue ubao huo kabisa. Wadudu wamo ndani wanakula.

Jambo kubwa kuliko yote katika mbao ni ukavu. Mkulima wa tumbaku anajua jambo hili vizuri. Jani likitoka bani kabla ya kukauka, litaoza. Ubao mbichi hauozi upesi namna hiyo, lakini hunywea. Ukinywea, viungo hulegea, misumari hucheza, na kochi huanza kulia kila mtu anapokaa. Ubao wa kochi unapaswa kukaushwa kivulini kwa miezi kadhaa, umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite.

Utajuaje kama umekauka? Omba kipande kimoja kilichobaki. Kipime kwenye mizani ya duka, andika uzito wake, kiweke ndani ya nyumba. Baada ya wiki mbili kipime tena. Uzito ukipungua sana, mbao za fundi huyo bado ni mbichi. Mwambie asubiri, au nenda kwa mwingine. Hapa ndipo kujua kuandika kunapookoa fedha.

Muulize fundi pia mbao amezipata wapi. Miti kama mninga imekatwa mno, na kuivuna katika misitu ya hifadhi kunahitaji kibali. Mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa zikiwa karakana, na pamoja nazo malipo yako ya awali.

VIUNGO

Shika kiunzi pembe moja, uinue mguu mmoja wa mbele kiasi cha shubiri moja. Mguu wa mbele wa upande wa pili nao uinuke upesi. Usipoinuka, kiunzi kinapinda katikati, kwa hiyo ni dhaifu. Kisha kisukume kwa ubavu. Kisicheze wala kisilie.

Kiungo kizuri ni kile ambacho ubao mmoja umechongwa ulimi, na ulimi huo umeingizwa katika tundu la ubao wa pili, ukatiwa gundi. Kwenye pembe za ndani fundi huongeza kibao cha pembe tatu kilichofungwa kwa skrubu. Kiungo cha misumari mitupu hakifai. Misumari hushika siku za mwanzo, kisha hutoka kidogo kidogo.

MAHALI PA KUKALIA

Chini ya mito huwa kuna kitu kinachobeba uzito. Mafundi wengine huweka chaga za mbao, wengine huweka mikanda ya mpira, na wengine springi za chuma. Chaga ni ngumu lakini hazilegei. Mikanda hubembea vizuri. Iwe imepishanishwa kama ukili wa mkeka, na iwe imevutwa sana kabla ya kupigiliwa. Bonyeza kwa kiganja. Ukizama hadi kugusa sakafu, mkanda huo hautafika mwaka wa pili. Springi ni nzuri kama ni nene na zimefungwa pamoja, lakini zikikatika hutoboa kitambaa, na fundi wa kijijini mara nyingi hana za kubadilisha. Kwa nyumba ya kijijini, chaga zilizokaribiana au mikanda iliyopishana yafaa zaidi.

Sasa sponji. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu sponji mpya zote hupendeza zikiguswa. Fungua zipu ya mto, utoe sponji uione. Mto usiwe umejazwa vipande vya sponji au matambara, kwa maana hivyo hujikusanya upande mmoja. Kisha pima uzito. Sponji ya kukalia yenye urefu wa sentimita 50, upana wa sentimita 50 na unene wa sentimita 10, ikiwa nzuri, huwa na uzito wa gramu 700 hadi 800 hivi. Sponji hafifu ya ukubwa huohuo huwa na gramu 400 tu. Mnunuzi wa sponji nyepesi amenunua hewa. Baada ya miezi michache atakuwa amekalia chaga.

Sponji ya mgongoni inaweza kuwa nyepesi kidogo, kwa kuwa haibebi mwili mzima. Zamani watu walijaza sufi au usumba, na wengine hufanya hivyo hata leo. Sufi ni laini na ya baridi, lakini hushikamana mabonge. Inataka kuanikwa juani na kuchambuliwa mara kwa mara.

VIPIMO

Kabla ya kuondoka nyumbani, mke alifanya jambo moja la busara. Alimwuliza bibi, "Mama, ni kiti kipi unachoinuka bila taabu?" Bibi akaonyesha kiti kimoja cha mbao. Mke akachukua kamba, akapima kutoka sakafuni hadi pale pa kukalia, akafunga fundo. Kamba hiyo ndiyo aliyokwenda nayo kwa fundi. Ilikuwa sentimita 45.

Watu wengi hukaa vizuri kwenye kimo cha sentimita 40 hadi 45, mto ukiwa umebonyea. Wazee wanahitaji kimo cha juu, na mikono ya kochi iliyo imara ya kujisukumia. Makochi mengi ya mtindo ni ya chini na yana kina kirefu. Yanapendeza kwa macho, lakini mzee akiingia humo hatoki.

Kina kipimwe kwa mwili. Kaa mgongo ukigusa nyuma. Nyayo zako zikae bapa sakafuni. Kati ya ukingo wa kochi na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole vitatu au vinne. Kusipokuwa na nafasi, miguu itakufa ganzi. Kaa hapo muda wa kutosha, zungumza na fundi, usiinuke upesi kwa haya.

Pima pia mlango wa nyumba yako. Kochi lisilopita mlangoni hulala barazani.

HESABU YA MIAKA

Mume bado anatazama lile la kitambaa chekundu. Fundi anataja bei mbili. Kochi lililovikwa, la mbao laini na sponji nyepesi, ni shilingi 320,000. La mninga mkavu na sponji nzito ni shilingi 600,000.

Mke anaandika hesabu kwenye karatasi. La kwanza likidumu miaka 4, kila mwaka linagharimu shilingi 80,000. La pili likidumu miaka 15, na katikati wakabadilisha sponji kwa shilingi 120,000, jumla ni shilingi 720,000. Gawanya kwa 15. Kila mwaka ni shilingi 48,000.

Mume anaisoma karatasi mara mbili. "Na wageni wa posa watakaa wapi?"

"Wazee watakaa kwenye kochi, baba. Sisi wengine tuna viti na mkeka. Hawaji kuposa makochi."

Wanaagiza kochi moja la watu watatu. Wanalipa sehemu ya fedha, wanaandikiana na fundi aina ya mbao, uzito wa sponji, kimo na siku ya kumaliza, na wote wanatia sahihi. Pia wanakubaliana kwamba watakuja kuona kiunzi kabla hakijavikwa. Kitambaa wanachagua mwisho: kizito, rangi isiyoonyesha vumbi haraka, chenye zipu ili kifuliwe.

KULITUNZA

Usiligandamize kochi ukutani. Acha nafasi ya kiganja ili uone kama mchwa wanapanda. Geuza mito kila wiki ili ibonyee sawasawa. Kunguni hujificha kwenye mishono na viungo, na wanaweza kuishi miezi mingi bila kula. Ukiwaona, vua vitambaa uvifue kwa maji yanayochemka, kisha kagua kila ufa wa mbao.

Usiweke kibatari wala mshumaa kwenye mkono wa kochi. Sponji hushika moto upesi sana, na moshi wake una sumu inayoweza kuua mtu aliyelala kabla moto haujamfikia. Taa ikae mezani, mbali na mapazia na mito.

MASWALI

1. Kwa nini mke aliomba kuona kochi ambalo halijavikwa kitambaa?
2. Ubao ulikuwa na uzito wa kilo 2 na gramu 400. Baada ya wiki mbili una kilo 1 na gramu 900. Umepungua gramu ngapi? Ungemwambia nini fundi?
3. Kochi moja ni shilingi 450,000 na litadumu miaka 9. Jingine ni shilingi 280,000 na litadumu miaka 4. Lipi ni rahisi kwa mwaka?
4. Nyumbani kwako nani huinuka kwa taabu? Pima kwa kamba kiti kinachomfaa, uilete kamba hiyo darasani.