Laptop ya Kazi, Kariakoo na Amri ya Saba



Vijana wenzangu, swali ninaloulizwa sana baada ya Misa, hasa na wanaomaliza chuo, ni hili: "Kaka, nina laki sita, nataka laptop ya kufanyia kazi za mtandaoni huku nasafiri. Ninunue ipi?" Leo nalijibu. Ila nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Miaka michache iliyopita nilipata kazi ya kutafsiri nyaraka za watu walioko nje ya nchi. Kazi hii haina ofisi. Leo niko Ilala, kesho kwenye basi la Morogoro, keshokutwa kijijini kwa mama. Nilihitaji mashine, tena haraka. Nikashuka mwendokasi Msimbazi, nikaingia Mtaa wa Agrey, na kabla sijafika duka la tatu winga akanidaka. "Bosi, achana na madukani, watakukamua. Kuna kitu kikali hapa, twende." Tukaishia kwenye korido ya ghorofa moja. Kijana akatoa begini laptop nyepesi, safi kabisa, laki mbili na themanini. Madukani mashine kama ile ilikuwa mara tatu ya hapo. Haikuwa na chaja wala risiti. Nililipa bila kuuliza inatoka wapi, na kiukweli sikuuliza kwa sababu sikutaka kusikia jibu.

Usiku nikaiwasha. Ndani kulikuwa na tasnifu ya mwanafunzi, sura tatu, na CV yenye namba ya simu. Nikafunga lile folda. Nikaendelea kuitumia wiki tatu, nikijiambia kwamba mimi sijaiba, nimenunua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofundisha amri ya saba, haimwachii mtu mlango huo. Namba 2409 inahesabu hata kubaki kwa makusudi na kitu kilichopotea kuwa kinyume cha amri hii, na vilevile kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako (mawinga wa cha juu mpo?). Namba 2412 inasema haki inadai kilichoibwa kirudishwe kwa mwenyewe. Nilikuwa nazijua namba hizo. Nilishawahi kuzifundisha kwa vijana wa Kipaimara.

Kabla ya Pasaka nikaenda kwenye kitubio. Padre hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, hiyo namba ya simu bado unayo?" Kesho yake nikapiga. Tulikutana nje ya hosteli za Mabibo. Dada yule alikuja na kaka yake, na hakuna aliyetabasamu. Alikuwa ameshaanza kuchapa tasnifu upya kutoka kwenye karatasi za msimamizi wake. Akashukuru, halafu akauliza, "Wiki tatu zote ulikuwa unasubiri nini?" Sikuwa na la kusema. Laki mbili na themanini zangu hazikurudi.

Nilichanga tena miezi minne. Safari hii nilifanya anachoshauri Bwana katika Luka 14, kwenye mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kukaa kwanza na kupiga hesabu. Kaa chini na karatasi, andika kazi zako halisi. Anayehariri video na anayeandika hawanunui mashine moja. Mimi niliandika: kuandika saa nyingi, mikutano ya video, kubeba kila siku, umeme wa kubahatisha.

Karatasi hiyo ikanichagulia mengi. Kioo cha inchi 13 au 14, uzito usizidi sana kilo moja na nusu. RAM 8GB ndiyo mwanzo. 16GB kama unafungua kurasa nyingi kwa pamoja. Hifadhi iwe SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na mtikisiko wa basi si rafiki yake.

Kwenye prosesa ndipo wengi wanapigwa. Utaambiwa "hii Core i7, bosi," nawe unaona saba ni kubwa kuliko tano. Soma tarakimu zinazofuata. i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ina koa mbili tu. i5-8250U ni ya kizazi cha nane, ina koa nne. Tena kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo chini ya kizazi cha nane usishuke, labda kama unajua kutumia Linux.

Kwa bajeti ya laki sita, mimi nasema nunua mtumba wa ofisini: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Zilitengenezwa kwa kazi na zinatengenezeka. Wala usione aibu. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 aliusema vikali utamaduni wa kutupa vitu. Nilichukua ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Inazidi kidogo uzito niliouandika, ila ina betri mbili, na ile ya nje unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja moja inatosha laptop na simu.

Dukani omba nusu saa, na usimwonee haya muuzaji. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya asilimia 70, dai betri nyingine au punguzo. Bonyeza kila herufi (nyingine zina maandishi ya Kiarabu pembeni, hilo si tatizo). Jaribu kamera, maiki, kila tundu, na intaneti kwa hotspot ya simu yako. Halafu izime, uiwashe ukiingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, ondoka. Linganisha namba ya usajili iliyo chini ya mashine na ile ya ndani. Na ukiianzisha upya ikakuletea jina la kampuni fulani, hiyo bado ina mwenyewe.

Mwisho ni risiti. Muuzaji alinitajia bei mbili, yenye risiti ya EFD na isiyo na risiti. Nikalipa ya juu. Mfuko uliuma, sitadanganya. Lakini nilishachoka kumiliki kitu nisichoweza kukieleza, na Kaisari naye ana chake. Nikaomba namba ya mashine iandikwe kwenye karatasi ya gwarantii.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa fundi wa kompyuta tangu utotoni, na bado michezo ya video alijiwekea saa moja kwa wiki. Kazi ya nyumbani haina kengele ya kufunga ofisi. Yangu inaingia begini Jumamosi jioni mpaka Jumatatu. Wateja walinuna mwezi wa kwanza, kisha wakazoea.

Swali la kujadili kwenye jumuiya wiki hii: mwenzetu alinunua simu mwaka jana bila risiti, na sasa ana shaka nayo. Ndani hakuna jina wala namba ya mtu, na ndiyo anayofanyia biashara inayolisha wadogo zake. Aende polisi? Aseme nini akifika pale?